Paja lilikufa ganzi, kumbe ni mukaba

Bandugu, hii si ya jirani, ni yangu miye. Msimu A, nilikuwa nabeba pompe ya dawa ya litri 16 mgongoni kila siku, na mukaba nimeukaza sana. Kiisha wiki mbili, upande wa inje wa paja la kuume ukaanza kuwaka kama pilipili, halafu ganzi. Nyumbani wakasema: umelogwa. Miye nikaogopa kupooza, nikataka kuacha kazi.

Daktari akanipa biki: "Chora pahali pa ganzi." Ilikuwa inje ya paja tu, haikufika chini ya goti. Akasukuma mguu, nikamzuia: nguvu iko. Akagonga chini ya goti na nyundo: mguu ukaruka. Akabonyeza kinenani, karibu na mfupa wa nyonga: moto ukashuka pajani.

Maana yake? Hapo njo inapita neva ya ngozi ya pembeni ya paja. Inabeba hisia tu, haiendeshi misuli. Mukaba, mimba ama kitambi vinaweza kuibana. Neva kubwa ya mbele ya paja ingeumia, goti lingelegea na mguu usingeruka vizuri.

Nililegeza mukaba, nikapumzisha pompe. Polepole moto ukazimika. Lakini mguu ukikosa nguvu, ama mkojo ukitoka bila kujua, usingoje: hospitali siku ile ile.

Shambani hatupulizi dawa mbele ya kujua mdudu. Mwili nao ni vile vile.