Kikohozi kimegoma kuisha? Wajue madaktari wanaotibu saratani ya kifua

UMEKOHOA wiki tatu. Dawa ya dukani imedunda. Ukapimwa TB, ukaambiwa huna. Sasa?

Wengi Kenya hukwama hapo. Saratani ya mapafu hufanana sana na TB: kikohozi sugu, makohozi yenye damu, kupungua uzani. Wapo wagonjwa wanaomeza dawa za TB kwa miezi kabla ya mtu kushuku saratani. Kufikia hapo imesambaa, na upasuaji hauwezekani tena.

Ugonjwa huu hautibiwi na daktari mmoja. Ni timu, na kila mtu ana namba yake.

Daktari wa mapafu: Hupitisha mrija mwembamba wenye kamera puani au mdomoni, akachungulia njia za hewa na kunyofoa kipande kidogo cha uvimbe.

Mwanapatholojia: Mgonjwa huenda asimwone kamwe, lakini ndiye hupima kipande hicho kwa hadubini. Eksirei pekee haithibitishi saratani.

Daktari wa upasuaji wa kifua: Huondoa sehemu ya pafu ikiwa saratani haijasambaa. Pia hutibu umio, yaani njia ya chakula inayopita kifuani. Hospitali ya Tenwek, Bomet, inajulikana kwa kazi hii. Mgonjwa asiyeweza kumeza huwekewa mrija wa kupanua umio ili ale tena.

Mwanaonkolojia: Hupanga kemotherapi, mionzi, au dawa zinazolenga jeni fulani za uvimbe.

Daktari wa tiba shufaa: Hutuliza maumivu na shida ya kupumua. Si wa siku za mwisho tu. Anafaa kuhusishwa mapema.

Na usijidanganye eti haya ni ya wazee. Sigara unayovuta leo ndiyo chanzo kikuu cha saratani ya mapafu kesho, ingawa hata wasiovuta huugua. Shisha, iliyopigwa marufuku nchini 2017, nayo ni moshi wa tumbaku. Kuhusu umio, mwaka wa 2016 wataalamu wa saratani wa WHO walisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani. Acha chai ipoe kiasi.

Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda kliniki. Ukikohoa damu au chakula kikianza kukwama, usingoje hata hizo wiki mbili. Na ukiambiwa huna TB, usibebe tu dawa ukaenda zako. Uliza: “Daktari, kama si TB, ni nini?” Kisha omba rufaa.