Kabla ya Jiwe la Kwanza: Maandalizi ya Kijana Anayeingia Mashindano ya Pikipiki ya Siku Nyingi

Katika ukanda wetu wa mpakani pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayotoa samaki mwaloni Hamukungu alfajiri, ndiyo inayoteremsha kahawa kutoka miteremko ya Rwenzori, na ndiyo inayomfikisha mama mjamzito Kagando au Bwera wakati gari halipatikani. Vijana waliokulia juu ya chombo hicho hupata ustadi mkubwa, na si ajabu baadhi yao kutamani kuupima mashindanoni. Makala haya yanaeleza aina moja ya mashindano hayo, yaani majaribio ya pikipiki ya siku nyingi, na namna anayeingia kwa mara ya kwanza anavyopaswa kujiandaa. Polisi tunalisemea jambo hili kwa sababu sehemu kubwa ya maandalizi ni sheria na usalama, na kwa sababu hamu isiyo na mwongozo humfikisha kijana hospitalini, mahakamani, au mikononi mwa matapeli.

Mchezo wenyewe

Wengi wetu tukisikia mashindano ya pikipiki tunawaza kasi. Motokrosi, inayochezwa Garuga karibu na Entebbe, ni mchezo wa kasi kweli: atanguliaye ndiye mshindi. Majaribio ni mchezo mwingine kabisa. Waandaaji huchagua vipande vifupi vya njia ngumu, penye mawe, mizizi, matope au kijito, wakaviwekea mipaka. Mpandaji hupita humo polepole, amesimama juu ya vikanyagio, huku mwangalizi akiitazama miguu yake. Akipita bila kugusa ardhi, haandikiwi alama yoyote. Akigusa mara moja huandikiwa alama 1. Mara mbili, alama 2. Mara tatu au zaidi, alama 3. Akianguka, akitoka nje ya mipaka au akishindwa kumaliza, huandikiwa alama 5. Mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi.

Mashindano mashuhuri zaidi ya aina hii hufanyika mwezi wa Mei huko Fort William, Uskoti, chini ya mlima Ben Nevis, nayo huitwa Scottish Six Days Trial. Asili yake ni mwaka 1909, na mwaka 1911 yakawa ya siku sita. Kila siku huwa na vipande vipatavyo 30, na safari ya kuviunganisha, barabarani na nyikani, yaweza kufikia kilomita 160. Mwaka 1961 Gordon Jackson alishinda akiwa amepoteza alama 1 tu kwa siku zote sita. Katika juma zima la mawe na mito, mguu wake uliadhibiwa mara moja.

Barani kwetu yapo pia mashindano ya siku nyingi milimani, kama Roof of Africa nchini Lesotho, lakini hayo ni ya enduro, ambamo muda ndio unaoamua. Kijana na asome tangazo kwa makini ajue anaingia mchezo upi, kwani mazoezi ya mmoja si mazoezi ya mwingine.

Hati hutangulia

Kwa kuwa vipande vya majaribio huunganishwa mara nyingi na barabara za umma, mshindani hubaki chini ya sheria za barabarani muda wote. Anahitaji leseni halali ya udereva ya daraja la A, pikipiki yenye namba na iliyosajiliwa, bima, na kofia ngumu inayofungwa kidevuni. Asiyekuwa na hivi leo katika barabara ya Kasese–Mpondwe hatakuwa navyo kesho mashindanoni. Aanze hapo.

Hati ya pili ni ya mchezo. Leseni ya mashindano hutolewa na shirikisho la taifa, ambalo kwa Uganda ni shirikisho la vilabu vya michezo ya magari na pikipiki linalojulikana kama FMU. Kwa mashindano ya nje ya nchi, waandaaji hutaka pia idhini ya shirikisho hilo. Njia ya kawaida ni kujiunga na klabu, kushiriki mashindano ya siku moja, na kupanda ngazi hadi ya siku nyingi. Ngazi hizo zipo kwa sababu uchovu wa siku ya nne hauwezi kufundishwa kwa siku moja.

Anayevuka mpaka pale Mpondwe kwenda Kasindi na pikipiki yake aandae hati ya kusafiria, kadi ya usajili, na barua ya ruhusa ya mwenye chombo ikiwa si chake. Apite forodhani na kukitangaza chombo ili asipate taabu ya kukirudisha, na achukue bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Akumbuke pia kwamba Uganda tunaendesha upande wa kushoto, ilhali Kongo wanaendesha upande wa kulia. Hatari kubwa iko asubuhi, barabara ikiwa tupu na hakuna gari mbele la kukukumbusha.

Jihadhari na wanaoahidi safari

Hapa tunasema kwa msisitizo. Walaghai wa usafirishaji haramu wa binadamu hutumia kila chambo: kazi, masomo, soka, na pikipiki vilevile. Mtu akikwambia amekupatia nafasi ya kushindana ng'ambo, na kwamba gharama zote zimelipwa isipokuwa kiasi kidogo utakachompa yeye mkononi, simama. Mashindano ya kweli huandikisha kwa fomu ya waandaaji, hutaka leseni ya shirikisho, na hutaja tarehe na mahali. Uliza shirikisho kabla ya kutoa senti. Usimkabidhi mtu pasipoti yako. Mzazi naye asione haya kuja kituoni kuuliza. Kuuliza si kushtaki.

Pikipiki ya mchezo na pikipiki ya kazi

Bodaboda haikuumbwa kwa mchezo huu. Pikipiki ya majaribio ina uzito wa kilo 70 hivi, haina kiti cha kukalia, na matairi yake hujazwa upepo kidogo sana ili yashike jiwe kama kiganja. Bodaboda ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na ukiipunguzia upepo namna hiyo barabarani, tairi litavuka ukingo wa rimu na kukuangusha. Usijaribu.

La pili ni la kiuchumi. Pikipiki nyingi za vijana wetu ni za mkopo. Ikivunjika mawe yakichezewa, deni halivunjiki nayo. Chombo kinacholisha nyumba kisitiwe rehani kwa ajili ya mchezo; ni heri kufanya mazoezi kwa pikipiki ya klabu, au kuungana vijana kadhaa mkanunua moja iliyotumika.

Katika mashindano ya siku nyingi, ufundi ni nusu ya ushindi. Kwenye mashindano ya Uskoti sehemu kuu za pikipiki hutiwa alama siku ya ukaguzi ili zisibadilishwe, na usiku pikipiki hufungiwa uani pasipo mwenyewe kuzigusa. Basi mshindani ajue kubadili tyubu, kukaza mnyororo, kusafisha chujio la hewa, kubadili plagi na kurekebisha nyaya za klachi na breki, kwa mikono yake, akiwa amechoka na mvua inanyesha. Ajizoeze nyumbani saa ikihesabu. Vifaa anavyobeba viwe vile tu anavyojua kuvitumia.

Mwili na mizani

Mazoezi ya kwanza hayahitaji mafuta mengi. Simama juu ya vikanyagio, nenda polepole kuliko mtembea kwa miguu, zunguka miti miwili kwa umbo la nane, bila kushusha mguu. Jifunze kuachia klachi kwa kidole kimoja na kushika breki kwa kimoja. Angalia mbele pale unapotaka kwenda. Ukilitazama jiwe, utaligonga. Ukishamudu, ongeza kijiti, kisha gogo, kisha jiwe.

Halafu jenga ustahimilivu. Kusimama saa tano au sita kwa siku huchosha mapaja, mgongo na viganja, na mkono uliochoka huchelewa kushika breki. Kutembea milimani na mzigo mwepesi ni mazoezi mazuri, na Mungu ametupa milima. Kunywa maji kabla ya kiu, kula mara kwa mara, na ulale. Pombe na dawa za kuchangamsha hazina nafasi: humfanya mtu ajione imara saa ileile mizani yake inapopotea.

Mahali pa mazoezi

Hapa ndipo vijana wengi wanapoweza kukosana na sheria, nasi tungependa kuwaepusha.

Hamukungu imezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kuacha njia iliyoruhusiwa na kuingia mbugani kwa pikipiki ni kosa, na tena ni hatari: nyati na tembo hawatambui mshindani, na kiboko atokaye ziwani usiku hupita palepale mtu anapodhani ni uwanja mtupu. Barabara kuu inayopita hifadhini si mahali pa mazoezi hata kidogo.

Mto Nyamwamba, uliofurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, umeacha mawe makubwa ambayo mpandaji yeyote atayatamani. Lakini mto ule hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha juu mlimani huku chini jua likiwaka. Usiingie bondeni kukiwa na wingu juu ya Rwenzori, na usiende peke yako. Mahali popote pengine, omba ruhusa ya mwenye ardhi. Mgomba uliovunjwa au ndama aliyestushwa huzaa ugomvi usiokwisha.

Jambo la mwisho ni la usalama wetu sote. Tangu shambulio la Juni 2023 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, wananchi wa Bwera na Mpondwe hawalichukulii kwa wepesi kundi la pikipiki linalonguruma vilimani jioni, nao wana haki. Kabla ya kuanza mazoezi, mwarifuni mwenyekiti wa LC 1 na kituo cha polisi kilicho karibu: mko wangapi, wapi, siku gani, saa ngapi. Fanyeni mchana. Taarifa fupi kama hiyo huwaondolea wazee hofu na huwaondolea ninyi kusimamishwa na walinzi.

Siku zenyewe

Siku ikifika, tembea kwa miguu katika kila kipande kabla ya kukipanda. Tazama wengine wanavyoanguka, ujue ni wapi. Siku ya kwanza usitafute sifa. Lengo la mgeni ni kumaliza siku ya mwisho. Ukiona kipande kinakuzidi, kubali alama 5 na uendelee, maana alama hupatikana tena kesho lakini mfupa wa paja hupona kwa miezi. Kati ya kipande na kipande ni barabara ya umma: kuna watoto, kuna ng'ombe, kuna sheria. Ajali ikitokea kwetu Uganda, piga 999 au 112, na usimwinue majeruhi kwa pupa wala kumvua kofia kwa nguvu.

Jamii na ijue pia kwamba mchezo huu, hata kwa asiyeshinda, una faida. Anayeweza kuvuka mawe bila kushusha mguu, kwa subira, akiwa na kofia kichwani na hati mfukoni, ndiye tunayetaka kumwona akibeba abiria kutoka Kikorongo hadi Bwera. Mwenye swali kuhusu leseni, bima, au barua asiyoiamini, afike kituo chochote cha polisi wilayani Kasese na kumwona afisa wa uhusiano wa polisi na jamii. Huduma hiyo hailipiwi.