Uvimbe wa Ubongo kwa Watoto: Dalili Zisizofaa Kupuuzwa

Mtoto akiamka alfajiri na maumivu ya kichwa, akatapika, kisha akapata nafuu kabla ya adhuhuri, watu wa nyumbani hudhani ni homa au minyoo. Mara nyingi hawakosei. Lakini hali hiyo ikirudi wiki baada ya wiki, naye mtoto akaanza kuyumba atembeapo, yafaa apelekwe kwa daktari bila kukawia. Huenda ana uvimbe kichwani.

Maradhi haya ni nadra. Aina yake mojawapo huitwa meduloblastoma. Humea upande wa kisogo, katika sehemu ya ubongo inayousawazisha mwili. Hapo huziba njia ya maji yanayozunguka ubongo. Maji yakijaa, ubongo hubanwa, ndipo mtoto hutapika.

Percival Bailey na Harvey Cushing wa Marekani ndio walioueleza uvimbe huu kwa jina hilo, mwaka 1925. Cushing alikuwa mpasuaji hodari, lakini ugonjwa uliwarudia wagonjwa wake, kwani chembe zake huchukuliwa na yale maji hadi kwenye uti wa mgongo, mahali kisu kisipofika. Mwaka 1953, Ralston Paterson na mwenzake Farr, wa Manchester, Uingereza, walieleza jinsi walivyotibu ubongo wote na uti wa mgongo wote kwa mionzi. Wagonjwa wapatao theluthi mbili walikuwa hai baada ya miaka 3.

Faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Mionzi hudhuru ubongo unaokua, na baadhi ya waliopona walipata taabu ya kujifunza na kukua. Kwa hiyo siku hizi, ikiwa uvimbe haujaenea, madaktari hupunguza mionzi na kuongeza dawa. Na kwa watoto wadogo mno hujitahidi kuiepuka au kuiahirisha. Katika nchi zenye hospitali za kutosha, watoto wapatao 7 katika kila 10 huishi miaka 5 au zaidi.

Uchunguzi nao umeendelea, maana tangu mwaka 1971 mashine za kupiga picha huonyesha ndani ya kichwa bila kupasua. Hata hivyo, mashine haiwezi kumsaidia mtoto asiyefikishwa kwake. Mwaka 2006 nchini Uingereza, wiki 14 hivi zilipita kwa kawaida tangu dalili ya kwanza hadi uvimbe kutambuliwa. Mwaka 2011 ilianzishwa kampeni ya HeadSmart, iliyowafundisha wazazi na madaktari dalili hizo. Miaka michache baadaye muda huo ulikuwa chini ya wiki 7. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.