Mahaba kwa Kiongozi na Mpaka wa Sheria

Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Songea ya siku zile, alikabidhiwa Uwaziri Mkuu wa Tanganyika mwezi Januari 1962, pale Mwalimu Julius Nyerere alipojiuzulu, wiki chache tu baada ya uhuru, ili akakijenge chama cha TANU. Na ulipowadia Desemba mwaka ule ule, nchi ikawa jamhuri, Mwalimu akashika Urais na Kawawa akawa Makamu wake, wala hakuifanya dola kuwa milki yake. Sisi wa Ruvuma tunayo haki ya kujifakhari kwa mwana wetu huyu, na tunao wajibu wa kuyazingatia mafunzo yake.

Hata hivyo, wako watu, nao si wabaya, ambao humtaka kiongozi wao asiondoke. Aghalabu huyo wampendaye amewatendea jambo lionekanalo: barabara imefika, zahanati imefunguliwa, mwizi wa mali ya umma ametiwa adabu, nao, wakiikumbuka dhiki ya zamani, husema kwamba muda wa katiba haumtoshi kuikamilisha kazi. Ndani ya rai hii imo shukrani, na shukrani ni tabia njema. Lakini sheria ya ukomo iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo mwema huyo amekwisha badilika, au amekwisha fariki, na kiti kimekaliwa na mwingine, ambaye ataukuta mlango umekwisha vunjwa na wale waliompenda mtangulizi wake.

Tazama ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Dk. Kamuzu Banda aliiongoza Malawi kuupata uhuru mwaka 1964, wafuasi wakamwita Ngwazi, na mwaka 1971 akatangazwa kuwa Rais wa maisha. Wananchi walingoja hadi tarehe 14 Juni 1993 ndipo wakaulizwa kwa kura ya maoni, wakachagua vyama vingi, na mwaka uliofuata wakamwondoa. Ajabu ni kwamba mrithi wake, Bakili Muluzi, aliyeletwa na uchovu wa utawala ule, naye alipata wapenzi waliopeleka bungeni, mwaka 2002, muswada wa kuufuta ukomo wa vipindi. Ukashindwa kwa kukosa theluthi mbili. Uganda haikunusurika: ukomo wa vipindi ulifutwa mwaka 2005, na ukomo wa umri ukafuatia mwaka 2017, na Yoweri Museveni, aliyeshika madaraka mwaka 1986 akiwalaumu viongozi wasiotaka kuondoka, angali Ikulu.

Kwetu, mpaka wa vipindi viwili uliingizwa katika Katiba mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado madarakani, naye akang'atuka mwaka uliofuata. Na baada yake Mwinyi, Mkapa na Kikwete waliondoka zamu zao zilipotimia. Majaribu hayakukosekana. Zanzibar, kabla ya uchaguzi wa mwaka 2000, wako waliotaka Dk. Salmin Amour aongezewe kipindi cha tatu, na CCM ikakataa. Katika zama za Dk. John Magufuli, mbunge wa Chemba, Juma Nkamia, alikusudia kupeleka muswada wa kuurefusha muhula hadi miaka saba. Januari 2018 chama kikatangaza kwamba Rais mwenyewe hana nia hiyo, na bado wako walioendelea kusema kwamba atalazimishwa kuendelea. Tarehe 17 Machi 2021 Magufuli akafariki, na siku mbili baadaye Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kwa mujibu wa Katiba ile ile. Waliodhani kwamba nchi inasimama kwa mtu mmoja walishuhudia kwamba inasimama kwa sheria.

Basi, msomaji, atakapokujia mtu akikusihi umuunge mkono mpendwa wake aongezewe muda, msikilize kwa adabu, kisha mwulize kama yu radhi kumpa muda huo huo mtu amchukiaye kuliko wote. Na asipokuwa radhi, usikubali Katiba iguswe.