Fahamu: Kiwewe cha vita na jinsi kinavyotibiwa

Ni nini?

Mwanajeshi amerudi nyumbani, akili imebaki vitani: jinamizi, kushtuka tairi linapopasuka, kukwepa hata jamaa. Madaktari wa akili wa Marekani waliuorodhesha rasmi ugonjwa huu mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Walichelewa mno: katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliwapiga risasi baadhi ya askari wake kwa kosa la uoga, ingawa huenda wengine walikuwa wagonjwa.

Tiba hufanyikaje?

Njia mojawapo, iliyobuniwa na mwanasaikolojia Edna Foa, humtaka mgonjwa afumbe macho na kusimulia tukio kwa sauti, tena na tena. Simulizi hurekodiwa, akaisikilize nyumbani. Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 15. Mwanzoni huumiza, na wapo wanaoacha njiani. Kwa wengi wanaoendelea, kumbukumbu haifutiki, ila hupoteza makali.