Kipimo cha Unyevu Ghalani: Maana ya Miliampea 4

Kakao iliyokaushwa vyema hubaki na unyevu wa kiasi cha asilimia 7. Lakini Kyela ni wilaya ya mvua nyingi na joto la ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Unyevu wa hewa ya ghalani ukizidi asilimia 70 kwa muda mrefu, punje huvuta maji upya na kuvu huota ndani ya magunia. Mzigo huo ukifika mnadani bei hushuka, na hasara humfikia mkulima. Chama kinachofunga vipimo vya umeme na kinasa-vipimo ghalani hakina budi kujua jinsi vinavyounganishwa.

Vipimo vingi vya aina hii hutoa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20. Mkondo ni kama maji katika bomba lisilovuja: yanayoingia ndiyo yanayotoka, hata bomba liwe refu. Hivyo waya waweza kufika ofisini kwa katibu bila kipimo kupungua.

Umeme huzunguka hivi: kutoka chanya ya betri hadi chanya ya kipimo, kutoka hasi ya kipimo hadi chanya ya kinasa-vipimo, kisha kutoka hasi ya kinasa hadi hasi ya betri. Kinasa kinachosoma volti peke yake hufungwa kikinza cha omu 250 kati ya vituo vyake viwili, na mkondo hugeuka kuwa volti 1 hadi 5. Kinasa chenye kikinza chake ndani kisiongezewe kingine. Betri ya volti 12 mara nyingi haitoshi, maana kikinza hicho huchukua volti 5 mkondo ufikapo miliampea 20. Vipimo vingi hupewa volti 24.

Unyevu wa asilimia 70 ni miliampea 15.2, yaani volti 3.8. Asilimia sifuri ni miliampea 4, wala si mkondo sifuri. Fundi akipanga volti 0 kuwa ndiyo sifuri, waya uliotafunwa na panya utaandikwa kuwa hewa kavu kabisa, ukavu ambao hata Dodoma haupo! Kinasa kilichopangwa sawasawa huandika -25. Katibu aionapo namba hiyo akague waya na viungo vyake, na magunia yafunguliwe na kukaguliwa kwa mkono hadi kipimo kitengenezwe.