SUNGURA ALIYESHINDWA NA MBIO ZAKE

Ndugu msomaji, hadithi ya sungura na kobe bila shaka unaijua. Ile ya Aesop, Mgiriki wa kale, inasema sungura alilala njiani kwa kiburi na kobe akampita. Ile ya nyanya yangu ni tofauti. Kwake yeye, kobe aliwapanga jamaa zake kando ya njia, mmoja kila kona, na kila sungura alipouliza, "Kobe, uko wapi?" alijibiwa kutoka mbele, "Mimi niko hapa!" Mimi naipenda zaidi ya nyanya, maana ina ujanja ndani yake. Leo nataka kukueleza juu ya mchezo wa tarakilishi uliotungwa kutokana na ugomvi huu huu, na jinsi ulivyonitia lawamani miaka saba bure bilashi.

Mchezo wenyewe unaitwa Jazz Jackrabbit. Ulitolewa mwaka wa 1994 na kampuni ya Marekani iliyoitwa Epic MegaGames. Najua wengi wenu hamjawahi kuusikia. Lakini nyinyi mnaojidai mabingwa wa Fortnite, jueni kwamba kampuni ni ile ile, ilibadilisha jina tu ikawa Epic Games. Aliyeubuni ni Cliff Bleszinski, na aliyeandika programu ni Arjan Brussee kutoka Uholanzi. Bleszinski alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi. Yaani anatushinda sisi wa kidato cha tatu kwa miaka mitatu tu!

Wakati huo kila kampuni ilitaka mnyama wake. Mwaka wa 1991 kampuni ya Sega ilikuwa imemtoa Sonic, kalunguyeye wa buluu mwenye mbio za ajabu, na watoto wakampenda mno. Wengine wakafuata mkumbo. Mwaka wa 1993 akaja paka aitwaye Bubsy, akaja na popo aitwaye Aero, na wengine wengi ambao leo hakuna anayewakumbuka. Wengi wao walichezwa kwa mashine maalum zilizounganishwa na runinga. Tarakilishi ya ofisini ilidharauliwa, kwa sababu ilikuwa kazi ngumu kuifanya isogeze picha nzima kwa ulaini mchezaji anapokimbia. Mwaka wa 1990 mchezo wa Commander Keen ulionyesha kuwa jambo hilo linawezekana. Jazz alipokuja, hakuja kutembea. Alikuja kukimbia.

Kisa chake ni hiki. Miaka elfu tatu imepita tangu yale mashindano, na kobe na sungura bado hawajapatana. Kobe mmoja mwovu, Devan Shell, anateka sayari moja baada ya nyingine. Anaposhindwa kuiteka Carrotus, sayari ya sungura, anamteka nyara binti mfalme, Eva Earlong, na kumficha mbali. Mfalme anamtuma Jazz, sungura wa rangi ya kijani aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani na kushika bunduki ya buluu, akamtafute. Basi wewe mchezaji kazi yako ni kumkimbiza, kumrusha juu ya miiba, kupiga risasi na kuokota karoti ili kurudisha afya.

Mimi niliujua mchezo huu nikiwa darasa la tatu. Mjomba wangu alikuwa na duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi, na ndani yake tarakilishi kuukuu aliyoinunua ikiwa tayari imetumika na watu wengine, ile ya kioo chenye mgongo mrefu kama kabati. Mchezo aliukuta humo humo. Jioni wateja wakiisha, mjomba alicheza kwanza, kisha mimi. Tulianza sayari ya Diamondus, tukaenda Tubelectric yenye mabomba na umeme, halafu Medivo, ambayo ni mambo ya ngome za kale. Baada ya hapo mchezo ulikwisha na kutuletea maandishi ya kututaka tulipe. Tulidhani tumekosea mahali fulani. Kumbe ndivyo biashara ilivyokuwa. Sehemu ya kwanza ilitolewa bure, watu wanakiliana kwa diski wapendavyo, na aliyenogewa alituma pesa Marekani apate sehemu tano zilizobaki. Sisi hatukutuma. Nani angetuma?

Siku moja mjomba akapata tarakilishi nyingine, mpya kuliko ile. Akanituma nihamishe faili zake, nami nikahamisha na mchezo. Nilipoufungua, sungura hakutokea. Kioo kilitoa mstari mmoja mweupe wa kusema kuna kosa namba 200, basi. Nikajaribu tena na tena, kosa 200. Ile ya zamani ilikuwa imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mjomba hakunichapa, lakini alisema, "Umekiharibu kitu cha watu," na tangu siku hiyo kila mashine ilipogoma dukani niliulizwa mimi nimegusa nini. Nikaamini kweli nina mkono mbaya.

Mwaka huu, katika somo la tarakilishi, mwalimu alitaja lugha ya kuandikia programu iitwayo Pascal. Nikamuuliza juu ya kosa namba 200. Akacheka, akachukua chaki.

Jazz Jackrabbit uliandikwa kwa lugha hiyo. Programu nyingi za Pascal za wakati ule, kabla hazijafanya lolote, zilipima kwanza mashine ina kasi gani. Zilihesabu moja, mbili, tatu, mbio mbio, kwa muda wa sehemu 55 za elfu moja za sekunde. Kisha hesabu hiyo iligawanywa kwa 55, na jibu likawekwa katika nafasi isiyoweza kubeba namba inayozidi 65,535. Kwa mashine za 1994 nafasi hiyo ilitosha na kubaki. Lakini mashine mpya ilihesabu haraka mno hata jibu likakosa pa kukaa, kama kumimina debe la maji ndani ya kikombe. Tarakilishi ikashtuka, ikalihesabu kuwa kosa la kugawanya kwa sufuri, ambalo namba yake ni 200, ikazima kila kitu. Yaani programu ya sungura iliuawa na mbio!

Dawa yake ipo. Kuna programu iitwayo DOSBox, iliyotoka mara ya kwanza mwaka wa 2002, ambayo huifanya mashine ya leo ijifanye kuukuu na iende polepole. Sehemu ile ya bure bado inapatikana, na mchezo mzima ulirudishwa sokoni mwaka wa 2017. Binamu yangu alinitilia katika tarakilishi yake, na likizo iliyopita nikakutana tena na Jazz.

Nitasema ukweli, una kasoro. Picha yake ni nukta 320 kwa 200 tu, na upande wa chini umeliwa na utepe wa alama na afya. Sungura mwenyewe amechorwa mkubwa. Kwa hivyo akishika kasi, huoni kilicho mbele mpaka umekigonga. Na kilicho mbele ni nini? Kobe! Wamewekwa mmoja hapa, mmoja pale, wanangoja. Nilipokufa mara ya nne mahali pale pale nilikumbuka nyanya. Huu si wa Aesop hata kidogo, ni ule wake, wa jamaa za kobe njiani. Sidhani kama waliouunda walijua. Nikaacha kukimbia. Nikawa natembea, nasimama, napiga risasi mbele kabla sijaona kitu, ndipo naruka. Utotoni nilikuwa nafika Medivo kwa kubahatisha. Safari hii nilifika nikiwa na afya yangu yote, ingawa lazima nikiri kwamba raha ya mchezo iko kwenye mbio, na kutembea kunachosha.

Jumapili nilimpelekea mjomba. Nilimweleza habari ya 55 na 65,535, nikamchorea na kikombe. Alisikiliza huku anatazama kioo, maana sungura alikuwa amesimama pale Diamondus anangoja.

"Kumbe si wewe, mjomba," akasema.

"Si mimi."

Akavuta kiti, akaanza kukimbia. Kobe wa kwanza akamgonga.